Kiuno cha Mwinjilisti

Phelesia alianika omena, wale dagaa wadogo, juu ya nyavu kwenye uwanja wa kanisa pale kisiwani Rusinga, mahali nyasi zinapoishia ziwani, na siku nzima alifukuza wezi: kunguru, bata, na mbuzi wa mzee wa kanisa aliyejua ladha ya sadaka kuliko mwenyewe. Ndege wadogo wa ufukweni hakuwafukuza. Hao walikula nzi, wakaziacha omena.

Shida ni kwamba walifanana kama madiwani kabla ya uchaguzi: mgongo wa kahawia, tumbo jeupe, miguu myembamba. Basi akawapa majina ya waumini, kwa kufuata mienendo. Yule aliyetingisha makalio juu chini, juu chini, hata akiwa hana safari, alimwita Mwinjilisti. Wale wa kundi, wenye madoadoa, waliopiga kelele kabla hatari haijaamua kuja, aliwaita Pauline, kwa heshima ya mwenyekiti wa akina mama.

Siri ya aina hiyo haikai kisiwani. Jumapili moja ya Machi 1996, Mwinjilisti Maroa alipoelekea madhabahuni, watoto waliangua kicheko. Maroa, Mkuria kutoka Migori, alikuwa mtu wa sala, lakini kiuno chake kilikuwa na huduma yake binafsi.

Kesho yake akashuka ufukweni, Pauline nyuma yake.

"Mama Terry, toa nyavu zako leo hii! Uwanja wa Mungu si wa matusi."

Omena iliyoanikwa mchangani hununuliwa na watu wa chakula cha kuku tu, na mwanawe Terry hangesomeshwa kwa bei ya kuku.

"Sijakutukana, Mwinjilisti. Rangi zao zilinishinda. Njoo uone mwenyewe."

"Nione nini? Ndege ni ndege."

"Ati na mimi niko na ndege?" Pauline akadakia.

"Uko nao wengi, Mama Mwenyekiti."

"Wengi!"

"Tulieni. Wakiwa chini watawadanganya. Ngojeni waondoke."

Akapiga makofi. Wa kwanza aliteleza chini chini, nusura aguse maji, mabawa yamekakamaa. "Huyo ni wewe, Mwinjilisti." Kisha kundi likalipuka hewani kwa filimbi kali, mabawa yao yamepauka kwa chini. Pauline akafunga mdomo, pengine kwa mara ya kwanza tangu uhuru.

Ndipo kwenye kidimbwi nyuma ya choo cha kanisa akainuka mmoja, peke yake. Alipokuwa chini alikuwa wa kahawia kama wenzake. Alipofungua mabawa, kwa chini yalikuwa meusi kama mkaa, na juu ya mkia weupe uliwaka kama kitambaa kipya cha kichwa. Akapanda, akazidi kupanda, akilia kwa sauti safi kama kengele, mpaka shingo zikawauma kwa kumtazama.

"Na yule?" Maroa akauliza polepole.

Phelesia akaangalia nyavu. "Yule sikutaka usikie."

"Niambie, mama."

"Ni Kezia. Agosti anatangulia kabla ya wote, anakaa kule nyuma peke yake. Kama vile mama alivyofika kanisani kabla ya kengele, akakaa benchi la mwisho."

Kezia alikuwa mke wa Maroa. Walimzika Migori mwaka uliopita, na kanisa likamrudisha mumewe kazini upesi, maana kulikuwa na wafiwa wengi wa kufarijiwa.

"Huwa anaenda wapi?"

"Mvua ikikolea wanaondoka wote. Wanasema ni huko kwenye barafu. Mimi najua tu anarudi, kidimbwi kile kile."

"Safari yote hiyo, na kamwili kale?"

"Hakajazi hata sufuria ndogo."

Maroa akavua kofia. Alikuwa amehubiri ufufuo miaka mingi, na bado akabaki mdomo wazi.

"Na nyavu?" Pauline akanong'ona.

"Nyavu gani?" akasema Maroa.

Agosti ilipofika, kila asubuhi Mwinjilisti alikaa karibu na kidimbwi, Biblia imefungwa mapajani. Siku moja akaita, "Mama Terry! Amekuja!"

Phelesia alikimbia, omena zikiwa bado mikononi. Ndege alisimama kwenye tope, akitingisha makalio juu chini.

"Pole, Mwinjilisti. Huyo ni wewe."

"Hapana."

"Basi piga makofi tuone."

Maroa aliinua mikono, akaishusha. "Siwezi kumfukuza."

Wakangoja. Jua likapanda, omena zikajikausha zenyewe. Mwishowe mbuzi wa mzee wa kanisa, asiyeheshimu chochote, akaja kunywa maji. Ndege akaruka: mabawa meusi ti, kiuno cheupe, na ile kengele ikapanda mbinguni.

Phelesia alishika mdomo. Alikuwa amekosea.

Maroa alisimama ameinua uso juu, machozi yakimtiririka, na kiuno chake, bila kumwuliza mtu, kikaenda juu chini, juu chini.