Saa Mbili za Marehemu wa Buhehe

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Tororo, sikuruhusiwa kugusa saa. Fundi Mkuu alinipa brashi laini nitafute skrubu iliyomponyoka ikaanguka sakafuni, ndogo kuliko punje ya wimbi. Baadaye aliponiwekea saa mkononi, nilimwambia inaonekana ya ghali.

"Bei mwachie muuzaji," alisema. "Wewe niambie inaumwa wapi."

Nilipohamia Busia nikaweka meza yangu karibu na mpaka. Saa za ufunguo, yaani zisizotumia betri, zote zina mwili mmoja: springi inayokazwa, magurudumu ya meno, na gurudumu la mizani linalocheza huku na huku. Katika saa ya ghali, ncha za magurudumu hukaa ndani ya vijiwe vyekundu ili zisilike, na chuma kimesuguliwa kikang'aa hata mahali ambapo mwenye saa hatapaona maishani. Ya bei nafuu haina urembo huo, lakini ikitunzwa hutembea.

Asubuhi moja walikuja ndugu wawili kutoka Buhehe, wametoka kumzika baba yao. Mkubwa, Wandera, alifanya kazi mbali, na ndiye aliyemletea mzee saa ya ghali. Mdogo wake, Ouma, aliyebaki kulima, alimnunulia ya kawaida sokoni. Ya Ouma ilikuwa inatembea. Ya Wandera ilikuwa imekufa.

"Fundi, fungua zote mbili," Wandera alisema. "Huyu ametoa mashine ya saa yangu, akaweka takataka."

Ouma aliinamisha kichwa.

Nikafungua. Kwa kweli niliogopa nitakachokikuta, maana kazi hiyo ya kubadilisha mashine nilikuwa nimeiona mara nyingi. Lakini vijiwe vilikuwepo vyote, na skrubu hazikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Hii haijaguswa na mtu," nikawaambia. "Mafuta yake yameganda kwa kukaa. Haikuvaliwa."

Nilidhani atafurahi. Badala yake Wandera alikaa kwenye benchi la wateja kama mtu aliyevunjika miguu.

"Kwa hiyo mzee aliikataa."

Hapo ndipo Ouma alipofungua mdomo. "Kaka, hakuikataa. Mgeni akifika nyumbani, mzee anaitoa kwenye kitambaa, anasema, 'Hii ni ya Wandera.' Halafu anairudisha. Mimi namwambia, baba, vaa. Yeye anasema jembe litaivunja, na wewe utasikia vibaya."

Wandera alilia pale mezani, mchana, watu wakipita. Kisha akamshika mdogo wake mkono. "Nimekuita mwizi mbele ya kaburi la baba. Nisamehe."

"Twende nyumbani," Ouma alisema. "Mama anangoja."

Nilizisafisha zote mbili kwa uangalifu uleule.

Sasa nimestaafu, niko shambani Mella, na macho hayaoni tena skrubu. Vijana wanaosoma saa kwenye simu huniuliza ipi kati ya zile mbili ilikuwa bora. Nawaambia, kwa ufundi, ya Wandera, bila ubishi. Mzee wao nadhani hakuwahi kuzipima hivyo.

Ouma alipita kunisalimu nilipokuwa nafunga meza kwa mara ya mwisho. Nilimuuliza habari za kaka yake.

"Yuko nyumbani, tunapanda mihogo," alisema. "Siku hizi anakuja bila kungoja msiba."