Ketura wa Harlow, Aliyelishtaki Kanisa Lake

Alizaliwa Ketura mwaka 1812 katika nchi ya mashamba ya katani, Kentucky, naye alizaliwa akiwa mali ya kanisa. Mjane mmoja tajiri, alipokuwa anakufa, aliusia kwamba mama yake Ketura apewe kanisa la Harlow kwa utukufu wa Mungu, na wazee wa kanisa wakapokea, wakashukuru. Tangu hapo, kila Mwaka Mpya, mama huyo na watumwa wengine wa kanisa walisimamishwa kwenye ngazi za kanisa lenyewe wakakodishwa kwa wenye mashamba, na kodi yao ndiyo iliyomlisha mchungaji. Kwa hiyo Ketura aliisikia Injili akiwa roshani ya juu walikokaa weusi, ikihubiriwa na mtu aliyeshiba kwa kazi ya mikono ya Ketura mwenyewe. Aliipokea hivyo hivyo. Akiwa msichana, siku moja ya baridi kali akiponda katani shambani, alisikia anaitwa kwa jina, akatupa kazi akapiga magoti palepale. Msimamizi alimchapa kwa kuacha kazi. Wanasema aliinuka anaimba, na msimamizi akaona haya, akaenda zake.

Alimzaa mtoto mmoja tu, Anderson, na baba wa mtoto alikufa mapema. Anderson naye alikuwa mali ya kanisa, kijana mpole mwenye kovu la mundu kwenye kidevu. Ketura hakuomba makubwa kwa Mungu. Aliomba tu kwamba kila Mwaka Mpya mwanawe akodishwe mahali anapoweza kurudi kwa miguu Jumapili.

Mwaka 1857 kanisa la Harlow lilipasuka, kama nchi nzima ilivyokuwa inapasuka. Mzee Gilkeson na wenzake walishikamana na Kusini. Mzee Thrale na wenzake walishikamana na Kaskazini, wakitangaza kwamba utumwa ni dhambi. Walirushiana maneno mbele ya waumini wote.

“Nyie mnakula jasho la watu!” alisema Thrale.

“Na mchungaji uliyekuwa unamsikiliza miaka yote hiyo alikula jasho la nani, bwana? La mbuzi?” Gilkeson akamjibu, na watu wake wakacheka.

Waligombana juu ya kila kitu, hata vikombe vya Meza ya Bwana. Jambo moja tu walikubaliana. Jengo lisingeweza kukatwa katikati, basi libaki kwa Gilkeson, na ili upande wa Thrale nao upate haki yake, Anderson auzwe Mwaka Mpya, wapewe wao fedha wajengee kanisa lao. Ketura alikwenda kwa Gilkeson, akafukuzwa. Akaenda kwa Thrale akiwa na matumaini. Thrale alimkalisha kitini, akampa kahawa, akamwambia kwa upole, akimwita kama wazungu walivyozoea kuwaita wanawake weusi wenye umri, “Shangazi, haya ni mambo ya mali tu, si ya imani. Ukiniuliza mimi, ningependa nyote muwe huru.”

Ilikuwa desturi ya Harlow, Jumapili inayotangulia Meza ya Bwana, mchungaji kuuliza kama kuna mwenye neno juu ya ndugu yake, alitoe kabla hajala. Mwezi wa Desemba, pande zote mbili zikiwa bado zinasali pamoja, aliuliza kama kawaida, na Ketura akasimama kule juu.

“Mimi ninalo.”

“Juu ya nani, shangazi?”

“Juu ya kanisa, bwana.”

“Kanisa lote? Shangazi, umeonja divai kabla ya siku yake?” Wakacheka pande zote mbili.

Ketura alingoja wamalize. “Mmenifundisha kwamba ndugu akinikosea nimwendee peke yake. Nimewaendea. Asiposikia, mmesema, nilete neno kanisani. Sasa kanisa lenyewe ndilo linalomuuza mwanangu. Nilipeleke wapi?”

Mchungaji alitaja wimbo, wakaimba. Baadaye wazee wa pande zote mbili waliketi pamoja, mara yao ya mwisho, wakamfungia Ketura Meza ya Bwana mpaka atubu. Alisema, “Nitakula siku Anderson atakapoketi ubavuni pangu.” Mwaka Mpya mfanyabiashara alimnunua Anderson, akamteremsha kwa njia ya mto kuelekea Mississippi. Thrale alijenga kanisa zuri la mbao, na humo akahubiri dhidi ya utumwa.

Wapo wanaosema vita vilivyokuja, vya Kaskazini na Kusini, vilikuwa juu ya ushuru na haki za majimbo. Waje Harlow. Gilkeson alimtoa mwanawe kwa jeshi la Kusini, Thrale akamtoa wake kwa jeshi la Kaskazini, na kila mmoja alimwendea Ketura kwa siri amwombee kijana wake. Aliwaombea wote wawili kwa majina, na Anderson akamtaja katikati yao. Hakurudi hata mmoja. Ketura mwenyewe aliendelea kukodishwa mpaka mwisho wa mwaka 1865, maana Kentucky ilikuwa miongoni mwa majimbo ya mwisho kuwaachia watumwa.

Katika uhuru ndipo maajabu yake yalipoonekana. Akina mama ambao watoto wao waliuzwa walimletea majina, naye, asiyejua kusoma, aliyashika yote moyoni, akawatajia wapita njia barabarani mmoja baada ya mwingine. Watoto wa wengine walipatikana, hata kutoka Texas. Wa kwake hakupatikana.

Mwaka 1870 makanisa mawili ya Harlow yalipatana, wazee wakakumbatiana wakilia, wakamwita Ketura aje ale nao.

“Mmepatana?” aliuliza.

“Tumepatana, shangazi, Mungu asifiwe!”

“Vizuri. Nani kati yenu anajua Anderson yuko wapi?”

Thrale alishika kichwa. “Shangazi, leo ni siku ya furaha. Usituharibie.”

Alijifunga shali yake akatoka. Alikufa Februari 1874, bila kuonja mkate ule.

Wengine huuliza kama anaweza kuwa mtakatifu mtu aliyekataa Meza ya Bwana miaka yote hiyo. Sisi tunasema aliiheshimu kuliko walioila. Na anayetaka kumwiga asikubali kuitwa kwenye mapatano ambako kuna mtu aliyekosekana na hakuna anayeuliza habari zake. Ndiyo maana hapa Harlow kila Jumapili, baada ya matangazo, bado tunasoma: Anderson, mwana wa Ketura, mwenye kovu la mundu kidevuni, aliuzwa na kanisa la Harlow Januari 1858. Mwenye habari zake aseme.