Vipeo Vilivyomaliza Sato wa Mama Kulwa

Naona aibu kusimulia, ila moyo unaniuma. Mama Kulwa, jirani yangu hapa Pasiansi, alinikabidhi tangi la vifaranga vya sato vilivyoota ukungu, mtaji wake wote, eti kwa kuwa nilifika kidato cha pili. Nikajiona daktari wa samaki!

Maji yalikuwa lita 2×10³. Dawa, miligramu 3×10² kwa kila lita. Mbili mara tatu, sita. Vipeo navyo nikavizidisha: 6×10⁶. Kilo sita.

“Mwanangu, si nyingi hizo?”

“Mama, hii ni sayansi.”

Nikaimwaga yote tangini. Kufika jioni, vifaranga vyote vilielea matumbo juu. Mtaalamu wa samaki aliyeitwa akasoma karatasi yangu ya hesabu, akaguna.

“Vipeo vinajumlishwa. Zilitakiwa gramu mia sita tu. Nani kapiga hesabu hii?”

Mama Kulwa akaninyooshea kidevu.

“Huyu. Ndiye aliyesoma.”