Bia ya Muuza Mitumbwi

Mdogo wangu alitaka mtumbwi ili asiondoke Gisenyi. Tulirudi huko kutoka Karagwe, Tanzania, tulikokulia, tukiwa wawili tu tuliobaki katika watoto wa mama yetu. Mimi nikapata ukarani, yeye akaanza kuvuta nyavu za sambaza, samaki wadogo kama dagaa, kwenye mitumbwi ya watu. Wavuvi wa upande wa Goma, ng'ambo ya mpaka, walikuwa wakimwita akafanye kazi kwao, ambako malipo yalikuwa mazuri na usalama haukuwepo. Alikuwa ameniahidi kwamba akipata mtumbwi wake hataenda. Akanikabidhi akiba yake, nami nikaongezea yangu.

"Kaka, wewe umesoma," aliniambia. "Ukiongea naye wewe, hatatuonea."

Muuzaji alikuwa mtu wa Goma aliyeoa Gisenyi. Alinunua mitumbwi kwa mafundi wa kisiwa kimoja ziwani, akaivuta kwa boti la injini hadi ufukweni kwetu, akaifunika kwa majani ya migomba isipasuke kwa jua. Kabla ya kumwendea niliulizia bei ya mbao, ujira wa fundi, mafuta ya boti na ushuru. Nikajua anachobakiza. Kilionekana kingi mno, nami nikamwambia hivyo mbele ya watu.

Hakukasirika. "Muzee, we umehesabu mbao. Mi nahesabu na miezi. Hii ingine iko hapa tangu mvua ya kwanza, naipakaa lami, nalipa mulinzi, hakuna mutu anauliza. Bon. Hiyo hasara nani atanilipa?"

Leo naliona jibu hilo kuwa la haki. Siku ile nililiona kuwa ujanja wa soko.

Alishusha bei mara ya kwanza, akashusha tena. Kisha akaagiza bia kutoka kibandani, akazifungua mwenyewe, akaweka moja mbele yangu na nyingine mbele ya mdogo wangu. Kule nilikokulia, mfanyabiashara akikununulia bia ujue ana hamu ya kuuza, na hapo ndipo unapozidi kumkaza. Mdogo wangu aliligusa goti langu kisirisiri. Yeye alikuwa amekaa na watu wa ziwani vya kutosha. Nikausogeza mguu. Nikanywa nusu ya chupa, nikafuta mdomo, nikamwomba muuzaji apunguze tena.

Akanitazama. "Umekunywa, muzee?"

"Nimekunywa."

"Hapa kwetu mutu akikunywa, maneno imeisha. We unakunywa bia yangu halafu unarudia bei?"

Mama mmoja aliyekuwa akianika sambaza akacheka. "Mumuache. Anaongea Kiswahili kama redio, na redio haisikiaka mutu."

Waliocheka walikuwa wengi. Nikasimama, nikaondoka taratibu kama nilivyozoea sokoni, nikisubiri kuitwa. Nyuma yangu nilimsikia mdogo wangu akimwomba radhi yule mtu kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya chini. Kama ningemwachia maneno yale, nadhani angeyatengeneza. Lakini niligeuka nikamwambia, "Twende. Atatuita." Akanifuata, kwa sababu mimi ndiye mkubwa.

Hatukuitwa. Kesho yake nilirudi na bei yote mfukoni, nikakuta mtumbwi umeshachukuliwa na watu wa Rugerero, kwa bei ileile tuliyoiacha pamoja na bia. Mingine ilikuwepo. Muuzaji aliniambia kwa adabu kwamba hana mtumbwi wa kuniuzia mimi.

Mdogo wangu hakunilaumu. "Ulikuwa unanitunzia pesa zangu, kaka," alisema, na alikuwa akimaanisha. Afadhali angenitukana. Wiki haikuisha akavuka mpaka na mfuko mdogo wa nguo, akaniachia ile akiba nimwekee. Kwa muda alituma salamu kupitia akina mama wanaovuka kuuza vitunguu. Halafu upande ule ukaharibika kabisa kwa vita, na salamu zikakatika.

Barabara ilipofunguka nilivuka na pesa zake. Nilitoka boti hadi boti, kijiji hadi kijiji, nikiulizia kundi lake la wavuvi. Baadhi ya wenye boti walinitajia nauli za kunikomoa, wakinitazama usoni waone kama nitabisha. Nililipa kila bei niliyotajiwa. Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu alisema kundi lile lilielekea kusini, na kwamba kijana mmoja aliyeongea Kiswahili cha Tanzania alikuwemo. Nikaenda kusini. Huko hakuna aliyemwona.