Mkalimani Nyuma ya Rundo la Kuni

Nianze kwa kukiri, ndugu zangu, kwamba mpaka leo nikipita mbele ya ua wenye vyungu uso wangu hushuka wenyewe, na aliyenifikisha katika fedheha hii hakuwa adui wala shetani, bali Kiingereza changu mwenyewe, ambacho nilikipenda kupita kiasi.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa mwalimu huku milimani, juu ya Same. Mfumwa wetu (ndivyo tulivyomwita mtawala wa jadi) alitangaza kwamba mafundi wote, wahunzi, wasusi na wafinyanzi, wafungue nyua zao kwa siku moja ili wageni waje kuwatazama kazini. Na Memsabu, mke wa Bwana Shauri (yule mkuu wa wilaya wa Kizungu), ambaye hakujua lugha yetu yoyote, akahitaji mkalimani. Nilijua vyema kwamba mfinyanzi atakayetembelewa kwanza ni mama yake Nakijwa, binti niliyemposa na ambaye posa yake ilikuwa bado haijajibiwa. Nilijua pia kwamba kwetu mkwe hamkabili mama mkwe: wakikutana njiani, mmoja huingia migombani na mwingine hutazama bonde. Lakini kusikika nikinena Kiingereza mbele ya kijiji kizima! Nikakubali, kwa hila moja niliyoiona ya kisomi sana: nitafasiri nikiwa nimejificha.

Uani palikuwa na vyungu vikavu vilivyopangwa na kufunikwa kuni na nyasi, tayari kwa kuchomwa. Nikachuchumaa nyuma ya rundo hilo katika suruali yangu nyeupe, na wageni walipoingia nikaita kwa adabu, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama akajibu. "Jamani, leo hata kuni zangu zimesoma!"

Majirani wakacheka, nami nikacheka nao, nikidhani hayo ndiyo makubwa ya siku.

Kazi ikaenda vizuri mpaka Memsabu alipouliza vyungu huchomwaje, swali ambalo nililifasiri kwa ukamilifu bila kukumbuka hata kidogo nimekaa wapi.

"Maneno hayachomi chungu," mama akasema. "Nakijwa, lete kijinga cha moto."

Kama alisahau nilipo au alikumbuka vizuri mno, sijathubutu kuuliza. Nyasi zikashika, moshi ukanijia wote, nikavumilia kadiri heshima inavyomruhusu mtu kuvumilia, kisha nikatoka. Na kwa kuwa sikuruhusiwa kumtazama mama mkwe, nikatoka kinyumenyume, nimeinama, nakohoa, naomba radhi kwa Chasu (ndiyo lugha yetu Wapare), kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, mpaka nilipokikalia chungu kikubwa kibichi kilichowekwa kivulini kikauke. Hakikuvunjika (ingekuwa afadhali). Kilibonyea taratibu, kikanipokea, kikanishika.

"Mwalimu anaatamia!" mwanamke mmoja akapaza sauti, na ua mzima ukaangua kicheko.

Mama alikuwa amekwisha kunipa kisogo. Kwa kuwa hakuweza kunisemesha, akasema na majirani: "Mwambieni Memsabu kwamba chungu kile nilikifinyanga kwa makande ya harusi ya binti yangu, na aliyekikalia ndiye aliyemposa."

Wote wakanigeukia, maana mkalimani ni mimi. Nikafasiri, nikiwa humo humo chunguni.

Memsabu (Mungu amsamehe) akauliza kwa upole kama mama bado anamtaka mkwe huyo. Hilo ndilo swali lililoninyima usingizi tangu nipose, na sasa ilinipasa kuliuliza mimi, kwa niaba ya mtu mwingine, makalio yangu yakiwa udongoni.

"Memsabu anauliza," nikasema, "je, mama... bado anamtaka?"

Mama akatazama bonde. Nakijwa alikuwa amefunika uso kwa khanga, mabega yakimtikisika.

"Mwambieni," mama akasema hatimaye, "mtu anayefasiri hata aibu yake bila kupunguza neno hatamdanganya binti yangu. Namtaka. Ila chungu cha makande akakande udongo wake yeye, na safari hii kwa mikono."

Nikafasiri yote, isipokuwa hilo la mikono.

Siku ile ile, huku Nakijwa na shangazi zake wakinivuta ili nibanduke, niliapa kwamba maneno ya watu nitaendelea kuwabebea, lakini neno langu mwenyewe nitalisema kwa kinywa changu, mapema, na nikiwa nimesimama.