Gumba la Kuku

Msumeno wa umeme uliponikata kidole gumba cha mkono wa kulia, wenzangu katika kibanda cha kuchonga vinyago pale Kyumbi walinihamishia kwenye msasa. Kwetu kazi hupita mikononi: mmoja hukata gogo, mwingine hutoa umbo kwa tezo, wa tatu huweka macho na kucha kwa patasi, wa mwisho husugua. Mimi nilikuwa mtu wa patasi. Kusugua ni kazi ya wanaoanza, nami nina mvi. Iliniuma, na sikuficha. Nilinuna kutwa, wakanizoea.

Kisha binti yangu, anayesomea wanyama wa kale chuo kikuu, akaja likizo na ombi. Alitaka nimchongee mkono wa dinosaria na bawa la kuku, awaonyeshe wenzake darasani.

"Ambia wenye wako na patasi," nikamjibu.

"Si nimeambia wewe, Baba."

Tulichemsha bawa la kuku wa Jumapili, tukalitoa nyama yote. Kumbe ndani yake mna vidole vitatu! Nimekula mabawa maisha yangu yote na sijawahi kuviona. Akanieleza ubishi wa wataalamu. Mifupa ya dinosaria iliyochimbuliwa huonyesha vidole viwili vya upande wa nje vikififia, vikabaki gumba na viwili vilivyo jirani yake. Lakini kifaranga akiwa ndani ya yai, vidole vyake huchipuka mahali pa pili, pa tatu na pa nne, ukihesabu kuanzia pa gumba. Basi kile cha kwanza ni gumba au ni cha shahada? Wengine husema kilichipuka mahali pa jirani, kikakua kuwa gumba.

"Hao wamekosa kazi," nikasema, lakini nilikuwa nimeshalitoa sanduku la vifaa na kuanza kuchonga kipande cha jakaranda. Kazi ikaninogea.

"Baba, hiyo inasukuma patasi ni kidole gani?"

Nikatazama. Kidole cha shahada kilikuwa kimezunguka nyuma ya mpini, kimekaza barabara.

"Ni gumba," nikasema, na machozi yakanilenga.

Jumatatu niliomba nafasi yangu. Mwenzangu aliyeikalia aliinuka kwa shingo upande, akanipa twiga mmoja nijaribu. Kufika adhuhuri, twiga alikuwa na macho na kwato, na mwenzangu ndiye aliyekuwa akimsugua.