Nilimwambia Kimeondoka

Sauti ilitangulia picha. Mtandao wa kijijini kwetu ndivyo ulivyo: unasikia kwanza, uso unafuata baadaye, ukijaliwa. Nilikuwa nimesimama kwenye stesheni ya Seven Hills, huku Australia, nimetoka kazini ghalani, simu mkononi, kioo bado cheusi, na kutoka ndani ya weusi ule nikasikia bati likipigwa. Haikuwa mvua. Lilikuwa bati moja lililong'oka misumari, likiinuka na kujibamiza, likiinuka na kujibamiza, kama mtu anayebisha hodi na hangoji kujibiwa. Kisha uso wa baba ukajitokeza vipande vipande, ndevu nyeupe kwanza, halafu macho, na nyuma yake ubao wa darasa alilofundisha jiografia maisha yake yote.

"Unalisikia?" akaniuliza. "Hilo ni bati la ofisi ya mwalimu mkuu. Nililalamika tangu sijastaafu."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Haya, soma."

Wiki ile neno hilo lilikuwa na maana moja tu. Nilimsomea kutoka kwenye simu mahali kimbunga kilipofika, nyuzi kadhaa kusini, nyuzi kadhaa mashariki, naye akatia nukta ya penseli kwenye ramani ya zamani ya shule aliyoitandaza juu ya dawati. Akaunganisha nukta na nukta. Siku ya kwanza mstari wake ulikwenda magharibi, sawasawa, kama vinavyokwenda vimbunga vya bahari yetu. Siku ya pili ukasimama. Siku ya tatu ukateremka kusini, ukajikunja, ukapanda tena karibu na ulikotoka.

"Hiki kimelewa uraka," baba alisema, na watu waliokuwa nyuma yake wakacheka. Kwetu, mwendo wa saa moja kusini mwa Lindi, hakuna asiyejua pombe ya mabibo inavyomtembeza mtu.

Lakini tulipobaki wawili alinieleza kwa sauti ya darasani. "Kimbunga hakina miguu, mwanangu. Kinabebwa. Pepo kubwa za juu zikikishika mkono, kinakwenda moja kwa moja, hata mtoto anajua kitaangukia wapi. Zikikiachia, kinazurura. Hapo ndipo pa kukiogopa."

Hayo alinifundisha yeye. Sikuyasoma mahali pengine.

Kijiji kizima kilikuwa kimehamia shuleni, juu kilimani. Mtendaji wa kijiji alipita na kipaza sauti: asiteremke mtu mpaka neno litoke wilayani. Watu walimsikiliza, wakaitikia, kisha wakaja kumzunguka baba. Mtendaji alikuwa na neno la wilaya. Baba alikuwa na mtoto Australia.

"Mwalimu, mtoto kasemaje?"

"Mwache ameze mate kwanza."

"Huyo yuko huko wanakoona mpaka mgongo wa wingu," sauti ya mama mmoja ikasema. "Sisi tunaona kidevu chake tu."

Simu iliwekwa sauti ya juu, nami nikawa redio yao. Nilikuwa mtu wa kupanga maboksi Seven Hills, ninayeingia na kutoka kwa kengele, lakini kwenye darasa lile nilikuwa na macho ya mbinguni.

Lazima niseme jambo jingine, maana bila hilo siku ya nne haieleweki. Kwa miaka minne nilikuwa nimempa baba habari njema tu. Ndivyo tulivyo sote tulioko huku. Ukipigiwa simu unaulizwa habari, unajibu salama, hata kama umeachishwa kazi asubuhi ile, hata kama hujalala. Nao wa nyumbani wanakujibu salama hata kama kuna mgonjwa chumba cha pili. Hatuuiti uongo. Tunauita kutotiana wasiwasi. Nilikuwa nimelizoea neno salama mpaka lilikuwa linatoka lenyewe, kabla sijafikiri.

Siku ya nne, saa kumi na moja jioni kwetu, saa nne asubuhi kwao, nilisimama pale pale stesheni na kuifungua ramani. Palikuwa na mstari mweupe mwembamba, na mstari ule ulipinda kuelekea bahari kuu. Pembeni yake, kushoto na kulia, palikuwa na kivuli kipana, kinachotanuka kama gunia linalojazwa. Kivuli kile ndicho kilikuwa ramani yenyewe. Maana yake ni kwamba kimbunga kingeweza kupita popote humo ndani, na humo ndani kulikuwa na bahari, na kulikuwa na kijiji chetu. Niliona. Nilisoma mstari.

"Kimegeuka, baba. Kimeondoka. Kinaelekea bahari kuu."

"Kimegeuka kabisa?"

"Kabisa."

Mama yule akapiga kigelegele. Nilisikia vicheko, watoto wakirukaruka, mtu akimwita mtendaji aje asikie mwenyewe. Bati lilikuwa limenyamaza.

"Basi leo mgongo wangu utalala kitandani," baba akasema. "Madawati haya niliwakalisha watoto wa watu miaka na miaka. Sasa yanalipiza kisasi."

"Treni inaingia, baba."

"Panda, panda. Kazini salama?"

"Salama tu."

Wengi hawakuteremka. Mtendaji alisimama njiani na kipaza sauti chake, akawarudisha wenye watoto. Lakini baba, aliyekuwa mwalimu wake wa darasa la sita, alimshinda, akateremka. Jioni yao ilipoingia kimbunga kilikuwa kimemaliza duara lake. Pepo za juu zilikuwa zimekiachia tena. Kilirudi kwa njia ambayo hakuna mstari uliokuwa umeichora, kikapita juu ya nyumba ya miti na udongo ambayo baba aliipaka chokaa kila Ramadhani ikikaribia, na ukuta wa upande wa kitanda ukaanguka ndani.

Baba mdogo alimpigia dada, kwa kuwa habari ya msiba hupewa mkubwa. Mimi na dada yangu tulikuwa tunakaa pamoja Granville, ghorofa ya pili, juu ya duka la mikate. Yeye ni mlezi katika nyumba ya wazee. Alirudi mchana akiwa bado na sare, akakaa chini sakafuni mlangoni bila kuvua viatu, na sikuhitaji kuambiwa. Baba alizikwa adhuhuri ya kwao. Sisi tulitumiwa picha tatu.

Watu walikuja. Manesi Wakenya wa kazini kwa dada walikuja na vyombo vya wali na wakaimba nyimbo za kanisani kwao kwa sauti ya chini, kwa heshima, nasi Waislamu wawili tukaitikia amina. Jirani wa ghorofa ya chini, mama Mkongo wa Bukavu, alishika jikoni siku tatu bila kuombwa. Wote walisema ni mapenzi ya Mungu. Dada aliwashukuru, kisha akawaambia kila mmoja maneno yale yale.

"Mzee alikuwa mbishi. Aliambiwa abaki shuleni, akateremka. Mwalimu wa jiografia! Alifuata nini?"

Nami nilikuwa ninamimina chai.

Siku ya tano ya msiba baba mdogo alinipigia mimi, faragha. Aliniuliza kama ninakula. Kisha akasema, polepole, kama anayepita juu ya miiba, "Hapa kila mtu alisikia ile simu. Nimezungumza nao. Hakuna atakayefungua mdomo. Wewe uko ugenini, huna wa kukushika ukianguka. Tumekusitiri, mwanangu. Dada yako tumemwambia ni ukaidi wa mzee. Marehemu hana kinachomuuma."

Nilimshukuru. Nilimshukuru kweli, kwa machozi, na kwa wiki nne niliishi ndani ya sitara ile kama mtu aliyefunikwa blanketi zito wakati wa joto. Watu mia mbili, ambao baadhi yao nisingewatambua njiani, walikuwa wamekubaliana kunyamaza kwa ajili yangu. Na kila jioni dada alirudi kutoka kazini, akavua viatu, akamsema vibaya baba yetu.

Mwanzoni alimsema kwa uchungu. Baadaye akamsema kwa hasira kavu, na hasira ile ilianza kwenda nyuma, ikafika kwenye mambo ya utotoni. Kumbe hata mama yetu alipougua mzee alichelewa kwa ubishi. Kumbe hata nyumba ile alikataa kuijengea matofali kwa ubishi. Nilimtazama akimbomoa baba kipande baada ya kipande, na udongo wote nilikuwa nimeuchanganya mimi.

Alikata tiketi ya kwenda kwenye arobaini. Mimi nisingeweza; nilikuwa ninasubiri majibu ya viza, na aliye katika hali hiyo akitoka hana uhakika wa kurudi. Siku mbili kabla ya safari, usiku, akikunja nguo, alisema, "Sitalia kaburini. Nitakaa, nisome duwa, niondoke. Sina machozi ya mtu aliyejiua kwa kiburi."

Hapo nilijua. Kama angekwenda na maneno yale, baba angezikwa mara ya pili, na safari hii mikononi mwa mtoto wake.

Siku ya safari ilikuwa Jumamosi, asubuhi yenye jua la baridi. Mama wa Bukavu alipanda kusaidia, akalijaribu sanduku, akaliachia.

"Hii valizi iko muzito sana, dada! Unabeba nini? Mawe ya Granville?"

"Viatu vya watoto wa baba mdogo," dada akasema. "Na mashuka ya msikiti."

"Na kilo ngapi?"

"Usiniulize. Nikijua nitatoa."

"Basi weye ukae mbele ya ile mizani na tumbo, usukume kidogo juu." Dada akacheka, mara ya kwanza tangu msiba, na nilikaribia kuahirisha. Mama akachukua begi dogo. "Miye nateremuka na hii. Taxi ile ikifika naikamata."

Tukabaki wawili. Dada alikuwa anajifunga ushungi mbele ya kioo cha ukumbini.

"Baba hakuwa mbishi," nikasema.

"Usianze kumtetea sasa, mdogo wangu. Nina ndege."

"Aliniuliza mimi. Asubuhi ile. Nilimwambia kimeondoka."

Mikono yake ilibaki kichwani, pini mdomoni. Nikamweleza yote, ule mstari na kile kivuli, kigelegele, na baba mdogo na watu wote walionisitiri. Sikutafuta maneno mazuri. Aliitoa pini mdomoni, akaitazama.

"Alikuuliza mara ngapi?"

"Mara mbili. Nilipomwambia kimegeuka, akauliza, kabisa? Nikasema kabisa."

"Na ulikuwa na uhakika?"

"Hapana."

"Kwa hiyo alikutii."

"Ndiyo."

Akakaa juu ya sanduku. Nje gari lilipiga honi fupi, na sauti ya mama ikasikika ikimwomba dereva angoje. "Wiki tano," dada akasema. "Wiki tano nimemtukana marehemu mbele ya wageni. Na wewe unanimiminia chai."

"Nisamehe, dada."

Machozi yalimtoka, mengi, bila sauti, hakuyafuta. Yalikuwa ya baba. Hata katika hali ile nililiona hilo, na sehemu moja ya moyo wangu ikatulia, na sehemu nyingine ikaelewa kwamba hakukuwa na yaliyobaki kwa ajili yangu. Nikainama nishike mpini wa sanduku nimshushie ngazini.

"Acha."

Nikaacha. Alisimama, akachoma pini yake vizuri, akatazama ndani ya mkoba kuhakikisha pasipoti. Alilivuta sanduku lile zito mwenyewe, akalipitisha kizingitini kwa goti. Nilisema anisalimie nyumbani, sijui kwa nini, ulimi ulijisemea. Aligeuka nusu, kama anayetaka kuuliza awasalimie aseme nini, kisha akanyoosha mkono nyuma, akaufunga mlango taratibu, mpaka kitasa kikalia.